Kalibu Baridi

Walikuwapo mhunzi na mkewe, na asiyetaka wawepo na aiache hadithi papa hapa, maana bila wao sina cha kusimulia. Mhunzi aliitwa Shaweji, mkewe Kidawa. Shaweji alishika nyundo. Kidawa alivukuta mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayoupuliza moto wa mkaa mpaka chuma kiwe chekundu. Walikuwa wameoana siku nyingi, na kama ilivyo kwa watu waliozoeana, hakuna aliyemsifu mwenzake kwa kazi anayoifanya kila siku.

Shida yao ilikuwa chuma. Walifua vyuma chakavu, springi za magari na miguu ya vitanda vibovu, na visu vyao vilikatikia mikononi mwa wateja. Siku moja akapita mchuuzi wa vitana vya plastiki, akawaambia kwamba iko nchi iitwayo Kalibu, na chuma cha huko hakina hata chembe ya uchafu. Shaweji aliamini kabla mchuuzi hajamaliza chai. Kidawa akamwuliza mchuuzi, ikiwa chuma cha huko ni kizuri namna hiyo, mbona yeye anauza vitana? Mchuuzi akakumbuka kwamba ana haraka. Wakaenda hata hivyo. Njia siisimulii, ilikuwa na vumbi, na vumbi mnalijua.

Juu ya lango la nchi ile paliandikwa kwa herufi kubwa: KALIBU.

"Hata karibu hawajui kuiandika," Shaweji akasema, akacheka.

Kidawa hakucheka. Alijua, na mumewe angejua kama asingekuwa na furaha nyingi, kwamba kalibu ni chombo cha kuyeyushia madini. Tena alikuwa akizitazama dohani za matanuru zilizopanda nyuma ya ukuta. Zilikuwa nyingi ajabu, na hakuna hata moja iliyotoa moshi. Nchi ya chuma isiyokuwa na moshi, akajisemea moyoni. Hapa pana jambo.

Mlangoni alisimama afisa mwembamba aliyevaa koti la kumetameta. Cheo chake kilikuwa Chekecheke, na kazi yake kuwachuja wageni.

"Habari zenu?" akauliza.

"Safi," akajibu Shaweji.

"Safi tu," akajibu Kidawa, kama ambavyo mimi na wewe tungejibu.

Chekecheke akapiga makofi, wakatokea askari wawili. "Mmewasikia?"

"Tumewasikia, mheshimiwa. Na huyu mama ameongeza 'tu'."

Wageni wale hawakujua kwamba huko Kalibu neno hilo si la salamu. Mwenyeji akiulizwa habari, hujibu "Bado napimwa," akapita huku ameinamisha kichwa. Anayesema safi anadai kwamba ndani yake hamna chembe ya kitu kingine, na dai hilo ni la mfalme peke yake. Sasa hawa wawili walikuja wameshika kapu moja, huyu mkono huu na yule mkono ule, kisha wakadai safi. Chekecheke aliona amedhihakiwa.

"Mmeungana, halafu mnasema safi?"

"Tumeoana," Kidawa akasema.

"Ndilo ninalolisema."

Akachukua jiwe jekundu rafuni akawaonyesha. "Hili ni mtapo. Ndani yake mna chuma, lakini kimeshikana na hewa, ndiyo maana jiwe ni jekundu na halifai kufua chochote. Chuma hakimwachi mwenzake kwa hiari. Hata ukikichoma peke yake, hakimwachi. Inabidi umlete wa tatu, ambaye hewa inampenda zaidi."

"Mkaa," akasema Shaweji, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo.

"Mkaa, vizuri sana. Mkaa unaichukua hewa, wanapanda wote kwenye dohani, wanapotea. Anayebaki chini ndiye chuma. Kwa watu walioungana sheria yetu ni hiyo hiyo. Ninyi kwenu mnafanya kazi gani?"

"Mimi nafua. Mke wangu anavukuta."

Chekecheke akamgeukia Kidawa kwa upole wa mganga mwenye habari mbaya. "Basi wewe ndiwe hewa, mama. Wewe ndiwe unayemtia kutu."

Akawaeleza yatakayokuwa. Wangeishi mjini na afisa mmoja wa serikali ambaye cheo chake ni Mkaa. Siku ya hukumu, Kidawa angeulizwa mbele ya mfalme kama anamfuata. Akimfuata, atatolewa kwa lango la juu, na hakuna aliyepata kusikia habari za mtu aliyetolewa kwa lango hilo. Shaweji atakuwa raia, na atapewa chuma kadiri awezavyo kubeba.

"Na tusipotengana?" akauliza Kidawa.

"Mtabaki mtapo. Na mtapo hautoki Kalibu. Sheria inakataza kusafirisha mali ghafi."

Kidawa akamtazama mumewe ili waangaliane, kama walivyozoea wakisikia upuuzi. Shaweji hakuwa akimtazama. Alikuwa akilitazama lile jiwe, na Kidawa aliona wazi kwamba neno lililobaki kichwani mwake ni "kadiri awezavyo kubeba". Hapo moyo wake ukashtuka kwa mara ya kwanza.

Mkaa wao aliitwa Kaniki, mtu mrefu, mweusi, mwenye kanzu nyeusi, mcheshi, anayesikiliza vizuri. Kidawa alikuwa amejiandaa kumchukia, na akaudhika kuona kwamba hachukiki. Aliwatembeza mjini, na aliyoyaona huko Kidawa akiyasimulia mpaka leo watu humwuliza kama hakuwa na homa.

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa ukoo wa Dhahabu. Hawa hawakupata kutenganishwa na mtu, kwa kuwa hawakupata kuungana na mtu. Waliokotwa mchangani mwa mto wakiwa wanang'aa hivyo hivyo, na tangu siku hiyo hawajagusa kazi wala kumfaa jirani, na kwa ajili hiyo wakapewa utawala. Mfalme alitoka kwao. Alikuwa safi hata hakuweza kusimama. Akijaribu, magoti yalijikunja. Watumishi walimshikilia pande zote, wamevaa glavu wasije wakamchanganya na jasho lao.

Mtaa wa pili ulinuka mafuta. Kando ya njia ilipangwa mitungi, na katika kila mtungi ameketi mtu, mafuta yamemfika shingoni.

"Ukoo wa Sodiamu," Kaniki akaeleza. "Walikuwa na wenzao. Tuliwatenganisha kwa taabu kubwa, na tangu hapo tukiwatoa nje wanamkumbatia yeyote anayepita. Hata maji tu yakiwagusa, wanawaka moto. Mafuta haya ni kwa usalama wao."

Mwanamke mmoja mzee akamwita Kidawa kwa kidole. "Umekuja na mtu, mwanangu?"

"Nimekuja na mume wangu, bibi."

"Mshike," akasema yule bibi, na Kaniki akawahimiza wasonge mbele.

Katikati ya mji palikuwa na bwawa linalochemka. Ng'ambo hii palisimikwa nguzo ya umeme, na ng'ambo ile nyingine, na katikati mume na mke wa ukoo wa Alumini wameshikana, kila mmoja anavutwa upande wake. Kaniki alikiri kwamba kwa hao Mkaa hafui dafu. Hewa ya Alumini haitamani mkaa hata kidogo. Ikabidi watumie umeme, na umeme wote wa nchi uliishia bwawani humo. Ndiyo maana mji haukuwa na taa hata hospitalini.

"Sasa wanakaribia kuachana?" akauliza Shaweji.

"Wanakaribia."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za babu yangu," akasema Kaniki, bila kucheka.

Walipoketi kula walipewa mihogo na kisu. Kidawa akakata, kisu kikajikunja. Akakinyoosha, akakata tena, kikajikunja upande wa pili.

"Chuma chetu kina adabu," akasema Kaniki.

"Ni laini," akasema Shaweji. "Kwetu tunakiacha kinywe mkaa kidogo, kidogo tu, kinakuwa kigumu. Hata shaba ukiitia bati..."

Kaniki akaangalia dirishani, akaangalia mlangoni. "Bwana Shaweji, neno hilo usilirudie. Kuchanganya ni jinai."

Kidawa akamtazama vizuri yule mtu. Yeye mwenyewe ni Mkaa, akawaza, na nchi yake imemwajiri avunje, ikamkataza kushikamanisha. Akamwonea huruma, na mara akajikemea kwa huruma hiyo, kwa sababu huenda nayo ilikuwa sehemu ya kazi ya Kaniki.

Kidawa alidhani Mkaa ataleta maneno matamu, manukato, labda kanga mpya. Kaniki hakuleta chochote. Jioni moja, Shaweji akiwa ameenda kuoga, alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Mumeo ananiambia mivukuto ni kazi ya yeyote mwenye mikono."

"Hajasema hivyo."

"Basi nimesikia vibaya," akasema Kaniki, akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikomwumiza. Angebishana angemshinda. Kidawa akaanza kuhesabu maneno ya mumewe, akayachambua kama mchele. Kwa nini amesema "chuma changu" wala si "chetu"? Kwa nini anauliza uzito wa mzigo ambao mtu mmoja anaweza kubeba? Naye Shaweji akaanza kula kimya, akimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Kidawa akatambua kwamba hata upande ule kuna nyanya iliyoulizwa bei.

Mwishowe Shaweji akaweka kijiko chini, kijiko ambacho kilikuwa kimejikunja tangu mwanzo wa mlo. "Eti ulimwambia Kaniki kwamba mkono wangu umezeeka?"

Kidawa angeweza kukana. Alitamani kukana. Lakini siku moja, akiwa amechoka, kweli alilisema. "Nilisema," akajibu. "Na wewe, ulisema kwamba mivukuto anaweza kuvuta yeyote?"

"Nilisema."

Hilo ndilo lililomtia Kidawa hofu kuliko askari na lango. Kaniki hakuwa mwongo. Aliyaokota ya kweli tu, na ya kweli huwa hayana pa kukamatiwa. Usiku ule walilala wamepeana migongo, na nafasi iliyokuwa katikati yao ingetosha mtu wa tatu.

Siku ya hukumu ikafika. Baraza lilikutana mbele ya tanuru kuu la mfalme, jengo refu la matofali lenye mdomo mpana chini na dohani ndefu juu. Mfalme aliletwa akakunjwa vizuri kwenye kiti. Wazee wa baraza walianza kwa kujadili kama mgeni mwanamke aulizwe kwanza au mgeni mwanamume aulizwe kwanza, wakalijadili kwa ufasaha mkubwa, wakaliahirisha. Kisha Chekecheke akatangaza kwamba kwa sheria ya Kalibu hukumu haisemwi ila mbele ya moto.

Kidawa alikuwa ameshasimama karibu na mdomo wa tanuru. Alikuwa na mashaka yake tangu siku ya lango, na sasa, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, akaingiza mkono ndani. Tanuru lilikuwa baridi. Akapeleka mkono zaidi, ukagusa kitu chenye joto, kikapiga kelele. Kuku akatoka mbio, akayaacha mayai yake mle ndani na manyoya juu ya majivu ya zamani.

Baraza zima likatazama pembeni, kila mzee upande wake.

"Moto ulizimika lini?" akauliza Kidawa. "Wavukutaji wako wapi?"

Aliyejibu ni Kaniki. "Tuliwatoa, mama. Wote walikuwa hewa. Tulipomtoa wa mwisho kwa lango la juu, tulifurahi sana. Ngoma zilipigwa. Kisha moto ukafa, na sisi Mkaa tukabaki baridi, tunafanya kazi kwa mdomo tu."

Shaweji akaliangalia lile tanuru, akaziangalia dohani zote zisizo na moshi, akaelewa pole pole, uso ukimshuka. "Kwa hiyo hamna chuma cha kutoa."

"Tunacho cha zamani," akasema Chekecheke kwa ukali. "Vijiko."

Mfalme akainua kidole, watumishi wakakishikilia kisianguke. "Mbona ni jambo rahisi," akasema. "Huyu mwanamke ni mvukutaji. Auwashe moto. Ukiwaka, tumhukumu, tumtoe."

Baraza likapiga makofi. Mivukuto mikuukuu ikaletwa mbele ya Kidawa, ngozi imepasuka, harufu yake ile ile ya nyumbani. Askari wakaelekeza mikuki. Kaniki akamsogelea, akamnong'oneza, na safari hii sauti yake haikuwa ya kazi. "Usivukute. Nipe mkono, twende sasa. Huko nje ya lango la juu wako wavukutaji wenzako wengi, na hata mimi nimechoka na ubaridi huu. Hapa nani anakuhitaji?"

Nasema kweli, Kidawa aliutazama ule mkono. Aliutazama kwa muda ambao hakutaka mumewe auone. Kisha akamgeukia Shaweji, na hakumwomba kitu. Alingoja tu.

Shaweji akakohoa. "Moto wa mtu mwingine mimi sijawahi kuufulia," akasema. "Nilisema mivukuto anavuta yeyote. Ni uongo. Nikimpa mwingine, chuma kinaungua au hakiivi. Huyu anajua kabla yangu lini nitanyanyua nyundo. Kama mnamtoa, mtutoe sote, nami niwe hewa."

Kidawa alifurahi sana. Na katika furaha ile ile, wazo likapenya, jembamba, likakaa: angesema hivyo kama chuma kingekuwapo?

Kauli ya Shaweji ililichanganya baraza. Mzee mmoja akauliza, ikiwa chuma kinataka kuwa hewa, je, kinachobaki tanuruni kitaitwa nini? Mwingine akauliza, ikiwa hewa haiwezi kuhukumiwa bila moto, na moto hauwaki bila hewa, je, hewa ina hatia kabla ya kuwasha au baada ya kuwasha? Macho yakawang'aa. Walikuwa wamepata mjadala wa maisha. Mfalme akaomba mto.

Shaweji akachukua mshikio mmoja wa kapu lao, Kidawa akachukua mwingine, wakaondoka. Kaniki aliwaona. Alivuta kanzu yake nyeusi akajifunika mabega. Langoni askari alimchoma Shaweji kwa mkuki, mkuki ukajikunja kwenye shati, askari akaanza kuunyoosha. Nondo za lango zilikuwa chuma safi kabisa. Shaweji akazishika, akazipinda huku na huku, akapata nafasi ya kupita watu wawili na kapu lao.

Wakarudi kwenye springi zao za magari na miguu yao ya vitanda. Kazi iliendelea, lakini kulikuwa na swali kwenye karakana, linakaa kama mgeni asiyeaga. Asubuhi moja Kidawa aliuliza, bila kuacha kuvukuta. "Kama wangekuwa na chuma kweli, ungebaki?"

Shaweji akapiga nyundo mara kadhaa kabla ya kujibu. "Kama nisingesema neno, ungeushika ule mkono?"

Moto ukawaka, chuma kikaiva.

Hapo ndipo Bi Tatu, jirani aliyekuja kuchukua kisu chake, akachungulia mlangoni. "Habari zenu humu ndani?"

Kidawa akafungua mdomo, akaufunga. Shaweji naye vivyo hivyo. Kila mmoja akamngoja mwenzake ajibu, na Bi Tatu akaanza kushangaa, maana ni swali ambalo hata mtoto hujibu bila kufikiri. Kidawa akamkazia mumewe macho, akitafuta usoni mwake kama analaumu au halaumu.

"Tuna kutu, Bi Tatu," akasema Shaweji. "Tuna kutu sana."

Pembe ya mdomo wake ilikuwa ikicheka. Kidawa akaiona. Akacheka naye, mpaka mivukuto ikapoteza mwendo na moto ukaanza kufifia.

"Vukuta, mke wangu," akasema Shaweji. "Chuma kinapoa."

Akavukuta.